Mechi sita, vipigo sita: Serengeti Boys, Taifa Stars na kilio cha "wapeni vijana nafasi"

Kati ya Aprili 14 na Julai 1, 2019, timu mbili za taifa za Tanzania zilicheza mechi 6 za fainali za Afrika, na zote 6 zikaishia kwa kufungwa. Serengeti Boys, timu ya vijana wa umri usiozidi miaka 17, ilicheza 3 nyumbani Dar es Salaam. Taifa Stars, timu ya wakubwa, ikacheza 3 nchini Misri. Tulifunga mabao 8, tukafungwa 20. Ni kipindi kisichofika siku 80, lakini kinatosha kuonyesha jinsi hasira na matumaini ya shabiki wa Tanzania vinavyokwenda pamoja. Kwa miaka mingi tulikuwa tumewakatia tamaa wakubwa na kusema kwamba dawa ni vijana. Vijana walipofungwa mbele ya macho yetu, tukawakatia tamaa na wao. Wiki 9 baadaye wakubwa walipoanza kufungwa Cairo, tukarudi kusema kwamba dawa ni vijana, kana kwamba mwezi Aprili haukuwahi kuwapo.

Uchungu wa miezi ile haueleweki bila kukumbuka furaha iliyoutangulia. Machi 24, 2019, Taifa Stars iliifunga Uganda 3-0 kwenye Uwanja wa Taifa, ambao sasa unaitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, kwa mabao ya Simon Msuva, Erasto Nyoni na Aggrey Morris, ikafuzu fainali za Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu zile za Lagos mwaka 1980. Miaka 39 ni umri wa mtu mzima mwenye watoto. Kulikuwa na mashabiki waliozaliwa, wakasoma, wakaoa na kuolewa bila kuiona timu yao kwenye fainali hizo hata mara moja, wakisimuliwa tu na wazee wao habari za bao la Peter Tino dhidi ya Zambia lililotupeleka Lagos. Wachezaji waliitwa Ikulu, na Rais John Magufuli akawaahidi viwanja vya kujenga Dodoma. Wiki ile watu wasiofuatilia mpira kabisa walikuwa wakitaja majina ya mabeki.

Katika hali hiyo, fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 zilikuwa zinakuja kuchezwa kwetu. Timu zilikuwa 8, na 4 za kwanza zingekwenda Kombe la Dunia la umri huo, lililokuja kuchezwa Brazil mwishoni mwa mwaka. Maana yake ni kwamba mwenyeji alihitaji tu kumaliza katika nafasi mbili za juu za kundi la timu 4 ili Tanzania ifike mahali ambapo timu yake yoyote ya mpira wa miguu ilikuwa haijawahi kufika. Na timu ya kocha Oscar Mirambo haikuwa ya kuokoteza. Mwaka 2018 ilikuwa imetwaa ubingwa wa Cecafa, yaani wa Afrika Mashariki na Kati, wa umri huo nchini Burundi, na mwezi Machi 2019 ilikuwa imepelekwa Uturuki kujipima nguvu. Ilikuwa na Kelvin John, mshambuliaji ambaye alikuwa hajatimiza hata miaka 16 na ambaye mashabiki walikuwa tayari wamempachika jina la Mbappé. Niseme mapema kwamba jina lile halikumsaidia. Mtoto anayebebeshwa jina la bingwa wa dunia hapimwi tena kwa alichokifanya, bali kwa kile ambacho mwenye jina angekifanya.

Siku moja kabla ya mechi ya ufunguzi, Aprili 13, Simba ilifungwa 4-1 na TP Mazembe mjini Lubumbashi katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, baada ya sare ya 0-0 Dar es Salaam. Hili linasahaulika wanaposimulia habari za Serengeti Boys, lakini lina uzito wake. Sehemu kubwa ya waliofika Uwanja wa Taifa Jumapili ile walikuwa na jeraha la saa chache tu, nao walikuja kwa watoto kutafuta maliwazo.

Karibu wayapate. Mpinzani alikuwa Nigeria, taifa lililotwaa ubingwa wa dunia wa umri huo mara nyingi kuliko taifa jingine lolote. Vijana wetu walitangulia kuwa nyuma, wakasawazisha, wakaachwa tena, kisha kipindi cha pili wakarudi kwa kasi ambayo si kawaida kuiona kwa timu yetu yoyote: wakapunguza, wakasawazisha, wakaongoza 4-3. Kwa dakika kadhaa uwanja ule ulikuwa ukiamini jambo ambalo hakuna aliyethubutu kulisema asubuhi. Halafu Nigeria wakafunga mara mbili, na mechi ikaisha 5-4. Usiku ule neno lililotawala mazungumzo lilikuwa moja: tumekufa kiume.

Aprili 17 tulifungwa 3-0 na Uganda, na hapo lugha ikageuka. Kufungwa na Nigeria kunasameheka, lakini Uganda ni jirani, na jirani ndiye ambaye mtu hujipima naye kila siku. Kilichouma zaidi ni kwamba matokeo yalikuwa yaleyale ya 3-0 ambayo wakubwa wetu walikuwa wamewafunga wakubwa wao siku 24 kabla, kwenye uwanja uleule. Hata hivyo mahesabu yalikuwa bado hayajafungwa. Nigeria ilikuwa na pointi 6, Angola na Uganda 3 kila moja. Kama tungeifunga Angola, na Nigeria ikaifunga Uganda, timu tatu zingelingana kwa pointi 3 na mabao yangeamua. Aprili 20 tukafungwa na Angola 4-2, Uganda ikatoka sare ya 1-1 na Nigeria, na mwenyeji akashika mkia. Angola hiyohiyo ilimaliza ya 3 kwa kuifunga Nigeria 2-1, na Cameroon ikatwaa kombe kwa penalti dhidi ya Guinea. Fainali hiyo ilichezwa Dar es Salaam, katika uwanja ambao wenye nyumba walikuwa wameshauacha.

Yaliyosemwa siku zile yanastahili kuangaliwa kwa uangalifu, kwa sababu hayakuwa maneno ya watu wasioupenda mpira. Kundi la kwanza lilisema wapinzani walileta vijeba, yaani wachezaji waliozidi umri. Madai haya husikika kila mara vijana wetu wanapofungwa, na si ya kupuuzwa: Guinea, iliyofika fainali, iliondolewa Kombe la Dunia kwa sababu ya udanganyifu wa umri wa wachezaji wawili, nafasi yake ikaenda kwa Senegal. Lakini Guinea hatukucheza nayo. Na sisi wenyewe tuliondolewa kwenye fainali za 2005 kwa kosa la umri, kwa hiyo hatuna haki ya kulitumia neno hilo kama kinga ya kila kipigo. Kundi la pili lilimtaka kocha aondoke. Kundi la tatu, ambalo naliona kuwa kubwa kuliko yote, lilirudia usemi maarufu unaohusishwa na Rais Ali Hassan Mwinyi, kwamba soka letu ni kichwa cha mwendawazimu ambacho kila anayejifunza kunyoa anakuja kujifunzia hapo. Usemi huo ulibuniwa kwa ajili ya wakubwa. Kuutumia kwa watoto waliofungwa mechi 3 katika siku 7 lilikuwa kosa, na nadhani wengi waliousema wasingependa uwafikie watoto wao.

Misri ilikuwa marudio. Juni 23 Senegal ilishinda 2-0, na hilo lilikubalika. Julai 1 Algeria, iliyokwenda kutwaa ubingwa, ilishinda 3-0, nalo likakubalika. Ila mechi ya katikati, ya Juni 27 dhidi ya Kenya, haijasahaulika mpaka leo. Msuva alifunga dakika ya 6. Michael Olunga akasawazisha dakika ya 39, na kabla Wakenya hawajamaliza kushangilia Mbwana Samatta akafunga la pili. Tukaenda mapumziko tukiongoza 2-1. Kipindi cha pili Johanna Omolo alisawazisha dakika ya 62, na dakika ya 80 Olunga akafunga la tatu. Siku chache baadaye, Julai 8, kocha Emmanuel Amunike aliachishwa kazi.

Ukiziweka mechi za Aprili 14 na Juni 27 pamoja, utaona kitu ambacho kelele za vijiweni hazikukigusa. Katika mechi hizo mbili, ambazo ndizo zilizokuwa ndani ya uwezo wetu, tuliongoza na kupoteza uongozi. Watoto waliongoza 4-3, wakubwa 2-1, na wote wawili walifungwa mara mbili baada ya hapo. Timu inayofunga mabao 4 dhidi ya Nigeria haikosi vipaji. Inachokosa ni maarifa ya kuituliza mechi: kiungo anayejua wakati wa kuupoza mpira, beki anayejua kwamba dakika ya 75 ukiwa unaongoza si wakati wa kupanda mbele, kipa anayejua thamani ya sekunde 10. Maarifa hayo hayafundishwi kambini Uturuki kwa muda mfupi. Mchezaji huyapata kwa kucheza mechi nyingi zenye matokeo yanayohesabika, Jumamosi baada ya Jumamosi, na kwa kufanya makosa hayo mahali ambapo adhabu yake ni pointi 3 za ligi na si machozi ya nchi nzima.

Hapo ndipo kilio cha "wapeni vijana nafasi" kinapohitaji kuulizwa: wapewe nafasi wapi? Mashabiki wengi, tunapotamka maneno hayo, tunamaanisha Taifa Stars. Tunataka wazee wa kikosi watolewe, waingie watoto, na tuanze kushinda. Tunawaona vijana kama timu nyingine ya kubadilishia ile iliyotuchosha, jinsi mtu anavyobadilisha betri kwenye redio. Kisa cha 2019 kinaonyesha kwamba kijana mwenye miaka 17 haingii timu ya taifa akitoka timu ya taifa ya vijana. Anaingia akitoka klabu, na miaka 3 au 4 iliyo katikati ndiyo inayoamua kila kitu.

Ushahidi tunao wenyewe, kwa sababu kabla ya kizazi cha 2019 kilikuwapo cha 2017. Serengeti Boys ya kocha Bakari Shime, iliyokwenda Gabon Mei 2017, ilitoka sare ya 0-0 na Mali, waliokuja kuwa mabingwa wa mashindano hayo, ikaifunga Angola 2-1, ikafungwa 1-0 na Niger, ikatolewa ingawa ilikuwa na pointi 4 sawa na Niger, kwa sababu ya mechi baina yao. Ilikuwa timu nzuri zaidi, au angalau matokeo yake yalikuwa mazuri zaidi. Lakini cha kuvutia ni kilichofuata. Dickson Job, Kibwana Shomari na Nickson Kibabage wote walipita Mtibwa Sugar, klabu ya kiwanda cha sukari cha Turiani mkoani Morogoro, ambayo haina mashabiki wa kujaza uwanja wala fedha za kusajili kutoka nje, na ambayo kwa sababu hiyohiyo ililazimika kuwaamini watoto. Waliwekwa uwanjani. Walifungwa, wakashinda, wakaoneshwa kadi, wakacheza kwenye matope ya Manungu dhidi ya washambuliaji waliowazidi miaka 10. Job na Shomari waliposajiliwa na Yanga walikuwa wamekwisha kuwa wachezaji wa Ligi Kuu. Walikuwamo kwenye kikosi cha Yanga kilichofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023 dhidi ya USM Alger, na Job alikuwa Côte d'Ivoire na Taifa Stars kwenye fainali za Mataifa ya Afrika Januari 2024.

Kizazi cha 2019 kilitawanyika kwa njia nyingine. Kelvin John, baada ya jina lake kuwekwa katika orodha ya awali ya Amunike ya kwenda Misri, alikwenda kusoma na kucheza katika akademi nchini Uingereza, kisha mwaka 2021 akasajiliwa na Genk ya Ubelgiji, klabu aliyowahi kuichezea Samatta, na baadaye akaenda Aalborg ya Denmark. Kiungo Morice Abraham alikwenda Serbia. Njia ya ughaibuni ni njema na siipingi hata kidogo. Samatta mwenyewe aliondoka Simba kwenda TP Mazembe akiwa na miaka 18 na hakujuta. Ila njia hiyo ni ya wachache. Wenzao wengi wa kikosi kile cha Aprili, wale tuliowashangilia kwa mabao 4 dhidi ya Nigeria, shabiki wa kawaida leo hawezi kukwambia wanacheza wapi. Februari 2021, Ngorongoro Heroes, timu ya chini ya miaka 20, ilikwenda Mauritania, ikafungwa 4-0 na Ghana, ikatoka sare ya 1-1 na Gambia, ikafungwa 3-0 na Morocco. Ghana ndiyo iliyotwaa kombe, na kufungwa nayo si aibu. Lakini mwanya kati yetu na wao haukuwa umepungua hata kidogo katika miezi 22.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo inatuhusu sisi mashabiki moja kwa moja, na ambayo si rahisi kuisema kwa sababu nami ni mmoja wao. Kwa msimu wa 2018/19 klabu za Ligi Kuu ziliruhusiwa kuwa na wachezaji wa kigeni 10, kutoka 7 wa awali, na baadaye idadi hiyo ikafika 12. Wageni wameinua kiwango cha ligi. Bila wao Yanga isingefika fainali ile ya 2023 na Simba isingekuwa mgeni wa kawaida katika robo fainali za Afrika. Beki kijana anayemkaba mshambuliaji mzuri kutoka Congo au Ghana kila siku mazoezini anajifunza kitu. Tatizo ni kwamba Simba na Yanga haziwezi kuvumilia, na haziwezi kuvumilia kwa sababu sisi haturuhusu. Kocha wa mojawapo ya timu hizo akimweka kijana wa miaka 18 langoni katika mechi ya watani, akafungwa bao la uzembe, tutadai kocha afukuzwe na kijana apelekwe kwa mkopo mikoani, na tutadai hivyo usiku huohuo. Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, tunachokisubiri ni picha ya mgeni akitua uwanja wa ndege. Shabiki anayelia Jumanne kwamba Taifa Stars haina vijana ndiye huyohuyo anayezomea Jumamosi kijana anapopoteza mpira akiwa na jezi ya klabu yake. Nimesimama kwenye majukwaa hayo na nimeisikia zomeazomea hiyo ikitoka kwa watu waliokaa kiti kinachofuata, na sikuwahi kugeuka kuwaambia wanyamaze.

Ndiyo maana mzigo wa kulea umeangukia klabu kama Mtibwa, na Azam kwa upande mwingine, yenye uwanja na kituo chake cha vijana pale Chamazi. Zikiyumba klabu za namna ya Mtibwa, na Mtibwa ilishuka daraja mwaka 2024 kabla ya kurejea, hakuna mwingine anayelazimika kuwaamini watoto. Mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, yanaibua vipaji, lakini ni ya wiki chache kwa mwaka. Mtoto anayetamba huko Juni hurudi kwenye chandimu Julai.

Na kuna jambo la Amunike. Tulimwondoa kama kocha aliyeshindwa, na matokeo ya Misri yalikuwa mabaya kweli. Lakini huyu ndiye kocha aliyeipa Nigeria ubingwa wa dunia wa vijana chini ya miaka 17 mwaka 2015 nchini Chile, katika timu iliyokuwa na Victor Osimhen na Samuel Chukwueze. Kama kuna mtu aliyekuwa Dar es Salaam mwaka 2019 akijua kwa mikono yake jinsi kijana wa miaka 16 anavyogeuzwa kuwa mchezaji, alikuwa yeye. Sijui kama angekubali kazi ya namna hiyo; ninachojua ni kwamba katika mijadala yote ya Julai ile, iliyojaa maneno ya "turudi kwa vijana", sikusikia sauti yenye nguvu ikiuliza kama inafaa kumwomba abaki kuwalea. Swali pekee lilikuwa ni nani atakayekuja.

Kocha Shime, yule wa Gabon 2017, aliendelea na kazi ya kulea upande ambao haukuwa na macho mengi. Oktoba 2022 aliiongoza nchini India Serengeti Girls, timu ya wasichana chini ya miaka 17 na timu ya kwanza ya mpira wa miguu ya Tanzania kucheza fainali za Kombe la Dunia la FIFA. Walianza kwa kufungwa 4-0 na Japan. Wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Canada, wakafika robo fainali, wakatolewa na Colombia kwa 3-0. Baada ya kile kipigo cha Japan hakukuwa na kelele kubwa ya kutaka mtu afukuzwe, kwa sababu wengi wetu hata hatukuwa tukiangalia. Wasichana wale walipata siku 3 za utulivu ambazo wavulana wa 2019 hawakuzipata baada ya kufungwa na Nigeria.

Morice Abraham alirejea nchini mwaka 2025 na kusajiliwa na Simba, miaka 6 baada ya mashindano ya Dar es Salaam. Amerudi kwenye uwanja uleule wa mechi ya Nigeria, katika ligi ya wageni 12 kwa kila klabu, mbele ya mashabiki walewale, ambao baadhi yao walikuwapo Aprili 14 tulipoongoza 4-3 na wanaikumbuka sura yake. Atapoteza pasi, kama kila kiungo anavyopoteza.